Glavu ya Mzee Walter

Jumatatu, Whitehall, kando ya Columbus. Manyunyu tangu asubuhi, na sijafungua hata pazia.

Naona aibu. Acha niandike tu.

Juzi mimi na mke wangu Rehema tuliendesha gari kutoka hapa Columbus hadi Riverside, kule Buffalo, kumpa pole Bi Doris. Marehemu mumewe, Mzee Walter, ndiye aliyenitia ugonjwa huu wa kukusanya vitu vya kale vya besiboli. Tulikutana Louisville kwenye maonyesho, mimi nikishangaa kadi za wachezaji zilizokuwa zikitiwa kwenye pakiti za sigara. Hakunicheka. Tangu siku hiyo akaniita mdogo wake.

Sebule ilijaa majirani. Nyuma ya Bi Doris kulikuwa na rafu ya vitu vya marehemu, na juu yake ile glavu: ngozi nyembamba iliyokatwa vidole, ya enzi wachezaji ndiyo kwanza wanaanza kulipwa, wengi wao wakidaka mpira kwa mikono mitupu. Nimeitamani miaka. Nilimshika mjane mkono, macho yangu yako rafuni.

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Na ile glavu, mmeamua itakwenda kwa nani?"

Majirani wakanigeukia.

Bi Doris akaweka sahani chini, akaiteremsha glavu, akanikabidhi. "Ni yako. Aliniagiza mwenyewe nikupe." Kisha akaongeza taratibu, "Nilidhani kwanza utaniuliza amekufaje."

Nikaipokea. Hilo ndilo linaloniuma. Niliipokea kwa mikono miwili na nikasema asante.

Tulipokaribia nyumbani Rehema akaniambia, "Baba Salma, hata pole hukuimaliza."

Tangu hapo sijaigusa. Najitetea kwamba wakusanyaji wote ndivyo tulivyo, lakini Mzee Walter hakuwa hivyo. Yeye alikuwa haonyeshi kitu chochote kabla hajauliza hali ya mama yangu kule Tanga.

Mchana huu nimempigia Bi Doris. Nilikuwa nimepanga maneno marefu ya kuomba radhi, yakanipotea yote.

"Shemeji," nikasema, "alikufaje?"

Nikasikia akivuta kiti.

"Alikuwa anafunga kamba za viatu," akasema. "Tulikuwa tunakwenda kanisani. Nami nilikuwa namharakisha."

Akalia. Sikumkatiza, sikutafuta la kusema. Akanieleza yote, mengine mara mbili.

Jumamosi tunarudi Buffalo. Akitaka kuanza tena tangu mwanzo, nitamsikiliza tena.