Kola ya Mabua ya Mahindi

Dada Nafula mpendwa,

Baridi ya huku Wamagana inang'ata hadi kucha! Mwalimu mwenzangu, Kamau, alichemsha mabua makavu ya mahindi kwa maji ya majivu, akachuja, akakamulia ndimu mpaka ute mzito ukatulia chini. Akaupaka kwenye kola ya shati langu badala ya wanga, ikasimama kama bati. Nikaenda hivyo kwa baba yake Wanjiku, mchumba wangu, kumwomba anipe binti yake. Kabla sijafungua mdomo, ng'ombe wake akanilamba shingo, akaitafuna kola yote.

Mzee alicheka mpaka akaketi chini. "Ati ng'ombe imekukubali tayari! Sasa mimi nikatae kwa nini?"

Njooni wote harusini. Stempu nimeibandika kwa ute huo huo, kwa hivyo kadi hii isikaribie mbuzi wa Mama.

Kakako asiye na kola,
Wekesa