Koenzaimu Waliicheka, Mwiko Wakauheshimu

Jumapili. Joto la kunata, mawingu yamekaa juu ya mashamba ya mkonge na hayanyeshi. Nimechoka, na leo simpendi mtu yeyote katika kambi hii.

Adela, binti yangu wa miaka mitatu, ametoka hospitali jana. Alhamisi jirani yetu Bi Mwanakombo alimwita akamlisha sahani nzima ya samaki wa nazi, eti mtoto amekonda. Ijumaa asubuhi alikuwa anatapika, anahema kama aliyekimbizwa, shingo imelegea. Wakamtundikia dripu, akapona.

Safari hii.

Ugonjwa wake tunaujua tangu mwaka jana. Daktari alinieleza kwa kutumia kazi yangu, maana mimi nalisha majani kwenye korona, mashine inayochakata mkonge kutoa nyuzi. Protini ya samaki, nyama au maharage, alisema, mwili unaikatakata kuwa amino asidi. Baadhi ya hizo zikivunjwa zinafikia kitu kinachoitwa propionili koenzaimu A. Kwako na kwangu kitu hicho husukumwa mbele kikawa nguvu ya mwili. Kwa Adela, kimeng'enya cha kukisukuma ni kibovu. Mzigo unarundikana kama majani korona inapokwama, na ule uozo ndio sumu. Lakini hizo asidi hawezi kuzikosa kabisa, kwani ndizo zinazomjenga. Kwa hiyo mama yake anampimia chakula cha protini kwa kijiko.

Hayo nimeyaelewa mimi, darasa la saba la Kasulu.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Bi Mwanakombo, nikamwamkia, nikaeleza yote. Mumewe Sefu, nyapara wetu, bingwa wa mvua, siasa na magonjwa ya watu, alinisikiliza huku akichokonoa meno.

"Koenzaimu," akasema. "Hiyo umekuja nayo na treni kutoka Kigoma?"

Wakacheka. Bi Mwanakombo akaniambia kwa upole kwamba amelea watoto saba kwa samaki, na kwamba kutapika ni mwili kuzoea. "Kesho mlete tena. Nimemwekea pweza."

Nikawatazama. Watu wazima, wana wajukuu. Basi nikadanganya.

"Bi, ni mwiko wa ukoo wetu, aliuacha babu yangu. Mtoto wa kwanza wa kike hali chochote nje ya chungu cha mama yake mpaka avunje ungo. Akila, tunamzika."

Kicheko kikakatika. Sefu akatoa kijiti mdomoni. Bi Mwanakombo akashika kifua.

"Sasa si ungesema, baba Adela? Ulitaka tuue mtoto wa watu?"

Kufikia adhuhuri kambi nzima ilikuwa na habari. Mama mmoja amemnyang'anya Adela andazi na kumrudisha nyumbani amemshika mkono.

Nawadharau. Daktari amesoma mpaka mvi, damu imesafirishwa nje ya nchi kupimwa, vyote vimekuwa kichekesho. Babu niliyembuni mlangoni pao amesikilizwa mara moja.

Halafu najidharau mimi zaidi. Mwaka mzima nilinyamaza, nikiogopa wasije wakasema nimezaa mtoto mbovu. Bi Mwanakombo angejuaje?

Jumanne tuna kliniki. Mama Adela anasema tumwambie daktari kuhusu samaki na tusimwambie kuhusu mwiko. Na siku Adela atakaponiuliza ni nani aliyemkataza kula kwa watu, nitakuwa na ujasiri wa kumtajia koenzaimu, au nitamtajia yule babu?