Makofi ya Mama Kule Golkonda

Jumapili, Tabora. Mvua ya kwanza imenyesha tangu asubuhi na sasa imekatika. Imebaki harufu ya vumbi lililolowa, na watoto wa jirani wanakimbizana na kumbikumbi. Macho yangu yamevimba. Nimelia leo, tena si kulia kwa kistaarabu.

Shajara, kuna jambo nimelificha miaka mitatu. Hata wewe sikukuambia.

Mdogo wangu Kabula amekuja kutoka Nzega ili tugawane vitu vya mama. Mwaka umeisha tangu tumzike, na sanduku lake lilikuwa bado chini ya kitanda kama alivyoliacha. Kila Kabula alipopiga simu nilikuwa na udhuru: mara mitihani ya darasa la saba, mara mafua. Leo amekuja bila kupiga, maana ananijua.

Tukafungua. Juu kabisa ya kanga, ndani ya mfuko wa plastiki, zilikuwepo bangili za Hyderabad. Nyekundu, zenye vijiwe vidogo vya kumetameta, na kimoja kimeng'oka. Nikaketi sakafuni palepale.

Tulikwenda Hyderabad, India, kwa ajili ya tumbo lake. Hospitali hapa walishauri akapimwe huko, ukoo ukachangishana, na kwa kuwa mimi ni mwalimu na Kiingereza changu hakichechemei sana, nikachaguliwa kuwa mdomo wa mama. Daktari anasema, mimi namgeuzia kwa Kinyamwezi. Mama anauliza, mimi nampelekea daktari.

Majibu yalichukua wiki nzima. Mama hakuwa mtu wa kungojea kitandani. Alisema hakuvuka bahari ili aje kutazama dari, basi kila tumbo lilipompa nafuu tukapanda bajaji tukaenda kuona mji.

Siku ya kwanza, Charminar. Lango kubwa lenye minara minne, limesimama katikati ya barabara, na magari, mikokoteni na watu wote wanalizunguka. Mama alilitazama mpaka kilemba kikamdondoka. Akasema boma letu la Wajerumani lina bahati halijawahi kuliona hili, lingeona aibu. Kisha tukaingia mtaa wa bangili pembeni yake, maduka ya bangili tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Muuzaji akisema kwa lugha yake, mama akibisha kwa Kiswahili, na wallahi walielewana kuliko mimi na Kiingereza changu.

Katika mtaa huohuo aliona majora ya kitambaa cha buluu iliyokoza karibu na weusi, akakipapasa. Halafu akaniambia kwamba ni kaniki, ile ya bibi yake. Alikulia Usoke akisikia wazee wakisimulia jinsi babu zao walivyobeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, wakarudi na mizigo ya nguo vichwani. Hakuwahi kujua nguo zenyewe zilifumwa wapi. Aliondoka pale akitembea kama mtu aliyekuta ndugu zake.

Siku nyingine tulikwenda kwenye jumba la makumbusho lenye saa maarufu. Watu wazima wamekaa kwenye viti wanangoja kisanamu kitoke mlangoni kigonge kengele. Mama akauliza kama hawa hawana kazi. Kisanamu kikatoka, kikagonga, kikarudi ndani. Nikamwambia twende. Akasema tungoje tena saa nyingine. Tukangoja! Na ziwa lao lenye sanamu kubwa katikati alilisifu kidogo tu, kwa sababu mbele ya wageni bwawa letu la Igombe halidharauliwi.

Nilicheka sana wiki ile. Sijawahi kucheka vile na mama yangu, na nilikuwa nimevuka miaka hamsini.

Ijumaa tukaitwa hospitali.

Daktari alizungumza taratibu, akinitazama mimi. Alisema uvimbe umeshika mahali ambapo kisu hakifiki. Turudi nyumbani, atatupa dawa za kutuliza maumivu, na tumshukuru Mungu kwa kila mwezi utakaopatikana. Mama alikuwa amekaa kati yetu, mikono mapajani, akiniangalia mdomo. Akaniuliza daktari amesema nini.

Nikamwambia amesema dawa zitatosha.

Hilo ndilo jambo. Nimeliandika. Mama alinipa masikio yake, nami nikayajaza uongo.

Kesho yake aliamka mchangamfu, akataka tuone ngome ya Golkonda kabla ya safari. Ni kilima cha mawe, magofu ya wafalme yamepanda mpaka kileleni. Pale langoni kijana mwenye kutembeza wageni akatuonyesha ajabu ya mahali: ukisimama chini ya kuba la lango ukapiga makofi, sauti inasikika juu kabisa alikokaa mfalme. Ndivyo walinzi walivyotoa taarifa kwamba mgeni amefika.

Mama alifurahi kupita kiasi. Akasema kumbe na hawa hupiga makofi kwa mtemi wao. Maana kwetu, mwanamke anapokwenda mbele ya mtemi hupiga magoti, akainama, akapiga makofi taratibu ndipo aseme. Mama alilelewa hivyo, na sisi alitulea hivyohivyo. Utotoni ukimwamkia mzee umesimama, jioni ulikuwa na kesi.

Tukakubaliana. Mimi nipande mpaka juu, yeye abaki chini apige, kisha nishuke nimwambie kama nimesikia.

Sikufika juu.

Nilipanda ngazi mpaka mahali ambapo lango halionekani tena. Nikaketi kwenye ukuta uliobomoka, nikalia kwa ile Ijumaa nzima niliyokuwa nimeimeza. Wageni walinipita na kamera zao. Sikusikia chochote ila kunguru. Nilipoona nimekawia nikajifuta uso nikashuka, na nilipomkuta ameketi kwenye jiwe nikamwambia:

"Nimesikia, mama. Umepiga matatu."

Alinitazama kitambo. Kisha akavuta ncha ya kanga yake akanifuta shavuni, akasema nimetoka jasho sana.

Tulirudi Tabora, na makofi yale yakawa hadithi ya mtaa. Aliwahadithia akina mama wa kanisani, muuza asali, hata fundi aliyekuja kuziba bati. Mwishoni kila mara alinigeukia mbele za watu akauliza, "Si ulisikia?" Nami nikajibu nilisikia. Matatu. Aliishi karibu miaka miwili, na katika miaka hiyo yote sikumwambia. Wala sikumwambia Kabula. Yeye alikuwa akisema akimaliza kuvuna pamba atakuja akae na mama, nikamwacha avune misimu miwili, nikijua. Alikuja wiki tatu za mwisho tu.

Leo, bangili ziko mapajani mwangu, nimemwambia yote. Ofisi ya daktari, ngazi, uongo. Nikamwambia nimemwibia wiki na miezi ya kukaa na mama yake, na nimemwibia mama nafasi ya kuaga watu wake akiwa na nguvu. Nikamwambia kama anataka kuondoka na sanduku zima na asinisemeshe tena, ana haki.

Kabula alikunja kanga moja ya mama, akaikunjua, akaikunja tena. Mimi ni mwepesi wa hasira lakini yeye ni mzito, na hasira ya mtu mzito inatisha. Kisha akasema:

"Mama hakupiga makofi, dada."

Nikafikiri sikumwelewa.

Akanieleza. Katika zile wiki tatu, siku moja akimkanda miguu, mama alimsimulia. Pale langoni alitaka kupiga, lakini mtemi hapigiwi makofi umesimama kama nguzo, na tumbo lilikataa kabisa kumruhusu apige magoti. Basi akaketi kwenye jiwe akaningoja. Mikono yake hata haikugusana. Nami nikashuka na macho mekundu, nikamwambia nimesikia matatu.

"Akaniambia hivi," Kabula akasema. "Mtoto anayesikia makofi ambayo sikuyapiga, huyo amebeba jambo zito. Hapo ndipo nilipojua kwamba siponi."

Alijua. Tangu jiwe lile. Alirudi na ndege akijua, akawagawia watu bangili akijua. Nikakumbuka alivyokwenda Usoke mwaka ule kuamkia makaburi ya wazee wake, na alivyopatana na mke wa mjomba waliyenuniana tangu nikiwa msichana. Nilidhani ni dawa zimemkolea. Kumbe alikuwa anaaga mbele ya macho yangu, na mimi mwalimu sikuona.

Nikamuuliza Kabula mbona hakunieleza. Akasema mama alimkataza, kwa sababu nikijua kwamba anajua nitashindwa kumchekesha. Na baada ya mazishi alingoja niseme mwenyewe. Amengoja mwaka mzima, ndiyo maana simu zile. Ana hasira na mimi, alisema hivyo waziwazi, na itachukua muda. Halafu akanishika kichwa akakilaza begani kwake, mdogo wangu huyu niliyembeba mgongoni.

Na lile swali lake, si ulisikia? Sijui kama alikuwa ananitania au ananifungulia mlango niseme. Nadhani yote mawili. Ndivyo alivyokuwa.

Sasa Kabula yuko jikoni anasonga ugali na ananiita kwa sauti ya kununa. Tumegawana bangili, ile iliyong'oka kijiwe nimechukua mimi. Kesho nina vipindi vinne, na jioni tutakwenda wote wawili kupalilia kaburi kabla majani hayajashika.

Lakini kabla ya kumwitikia nimeingia chumba cha mama, nikafunga mlango. Magoti yangu si ya zamani, yalilia kama bawaba. Nimeyapiga sakafuni hivyohivyo, nikainama, nikapiga makofi taratibu. Matatu.

Haya, mama, yamepigwa kweli.