Kumwinda Elki kwa Bastola

Alhamisi, 23 Juni

Nimepata! Kibali cha kuwinda elki dume, yule kulungu mkubwa wa milimani, bonde la juu. Miaka yote naomba, kila Juni bahati nasibu ya vibali inanitupa nje — na leo, miezi michache baada ya daktari kuniwekea bega la chuma, ndipo jimbo la Wyoming limenikumbuka. Asante sana. Wana wakati wao hawa.

Daktari alisema waziwazi: kitako cha bunduki kisiguse tena bega hilo. Teke moja baya, chuma kinahama, na mimi narudi kupasuliwa. Orval akakisoma kibali, akakiweka kando ya birika la kahawa, akasema nina bahati. Mume wangu ana maneno machache, na hayo machache huyachagua vibaya.

Mdogo wangu Thayne kapiga simu kabla kahawa haijapoa. Ameshapanga kila kitu. "Dada, wewe njoo kambini utupikie. Ya dume tuachie sisi." Yaani wapige wao, kisha mimi nifunge kibali changu kwenye mnyama. Sheria inakataza, ila huku kwetu ni desturi, na watu hufumba macho. Nyanya yetu Alta "aliua" elki kila mwaka mpaka akawa haoni hata kijiko mezani. Mwaka wa mwisho alimwuliza Thayne kama dume lake lilikuwa zuri.

Mimi naona vizuri. Nataka kuua wangu mwenyewe, au nirudi mikono mitupu. Basi.

Jumamosi, 2 Julai

Nimejaribu bunduki kwa bega la kushoto. Pipa la maji la farasi limekufa kishujaa. Orval kasema lilikuwa limeanza kuvuja hata hivyo.

Mchana, dukani kwa Delwyn. Wazee wa kahawa wote walikuwepo, wale wanaokaa kwenye stuli na kuua elki wengi kuliko waliopo mlimani. Nikasema nataka bastola ya kuwindia elki. Mmoja akauliza kama nakusudia kumpiga nayo kichwani. Wa pili akasema elki si sungura, ni mnyama wa ukubwa wa farasi. Kumbe! Nimekula nyama yake maisha yangu yote nikidhani ni kuku.

Delwyn mwenyewe hakucheka. Alinitolea bastola ya risasi moja moja, mtutu mrefu, darubini juu yake. Teke lake linaishia viganjani na kwenye viwiko, bega halipati habari. "Hii si ya kuvaa kiunoni, Bi Leota. Unaiegemeza juu ya begi, unapumua, unasubiri mnyama asogee. Bunduki inamfuata kule aliko. Hii lazima aje mwenyewe."

Kwa hiyo napaswa kujifunza subira. Kwa umri huu.

Jumapili, 17 Julai

Sahani za karatasi, zile za kulia keki, ndizo shabaha zangu. Kila mtu hapa anajua hesabu yake: moyo na mapafu ya elki vinaenea kwenye sahani moja. Umbali ambao risasi zako zote bado zinaingia ndani ya sahani, huo ndio mwisho wako. Zaidi ya hapo unajeruhi tu, mnyama anakwenda kufia msituni siku ya tatu. Hilo siwezi kulibeba.

Orval anazigongomelea sahani kwenye ubao, anarudi, anaziba masikio. Leo risasi zangu zilitoboa ubao, mti, na pengine kaunti ya jirani. Sahani moja iliguswa ukingoni. Orval akaikagua kama jiwe la thamani. Mikono yangu imevimba, naandika kama mtoto wa chekechea.

Jumanne, 13 Septemba

Hatua themanini! Zote ndani ya sahani. Jana zote, leo zote. Hatua tisini — moja ilitoka. Basi ni themanini. Orval katia alama ya msumari kwenye nguzo ya uzio.

Jioni tumekula kwa Thayne. Nikawaambia. Thayne akaweka uma chini kwa huruma, kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Hatua themanini, dada? Kwa umbali huo unaweza kumwomba dume akushikie begi." Akaeleza tena, kwa faida yangu, kwamba bunduki yake inavuka bonde zima. Najua inavuka. Nilikuwepo ilipovuka bonde na kukosa. Akasema dume akitokea mbali atanisaidia, hakuna atakayejua, kwani Nyanya Alta alilalamika?

Nikamjibu kwamba Nyanya Alta alikuwa kipofu. Hapo Orval, ambaye tangu supu hajasema neno, akafuta mdomo. "Dume atauawa na Leota, au hatauawa na mtu."

Halafu akaomba aongezewe viazi. Nimemtazama sana njiani kurudi.

Ijumaa, 14 Oktoba

Kambini. Hema, jiko la kuni, farasi wa Kip, rafiki yake Thayne. Kip kaipima bastola yangu mkononi, akauliza kama inakuja na kamba ya kuifungia ili isipotee mfukoni. Wamecheka mpaka farasi wakageuka. Thayne ana kibali cha jike tu mwaka huu, kwa hiyo atatembea nami. "Kukulinda," anasema. Na nini? Hakufafanua.

Orval ndiye mpishi. Amekubali kwa furaha mno.

Jumamosi, 15 Oktoba

Dume! Saa moja hivi asubuhi, ukingoni mwa uwanda. Pembe kama matawi ya mti mkavu. Hatua mia mbili na zaidi. Akatutazama, akala majani, akaondoka zake taratibu kama mtu anayetoka kanisani.

Sikuinua hata bastola. Thayne alikuwa anapumua nyuma ya sikio langu kama jogoo aliyefukuzwa. Kambini akaisimulia hadithi, na kila akiisimulia dume anasogea karibu. Mpaka chakula cha jioni nilikuwa nimemwacha aende akiwa hatua mia. Kip akasema angekuwa yeye, muda huu tungekuwa tunakaanga ini. Nikamwambia ale maharage.

Orval aliniuliza mara moja tu, tukiwa peke yetu: "Umbali gani?" Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa.

Jumapili, 16 Oktoba

Theluji. Hakuna kitu. Nimeanguka kwenye kijito. Thayne kaniokota kama gunia, kasema mlima huu si wa watu wa rika langu. Tumepishana miaka minne. Nilijifunika blanketi nikalia kidogo, kwa hasira, sikio moja nje nisikie kama kuna anayekuja. Labda wanasema kweli. Labda ningechukua kisu cha kukatia mkate nikaungana na Orval jikoni.

Hapana.

Jumatatu, 17 Oktoba

Naandika nimekaa kwenye gogo. Dume amelala mbele yangu. Bado anatoa mvuke.

Niiandike kama ilivyokuwa, maana najua baada ya leo itasimuliwa kwa namna nyingine.

Tulikuwa chini ya misonobari, upepo unatupiga usoni, mzuri. Thayne nyuma yangu. Nikapuliza filimbi, ule mlio wa jike, mara mbili. Kimya. Kisha dume akajibu — huko juu, kilio kile kinachopanda mpaka nywele zinasimama. Nikalaza begi juu ya mwamba, bastola juu ya begi. Akatokea. Hatua mia na hamsini hivi. Akasimama, akanusa, akaanza kuteremka kwetu.

Alikuwa anakuja. Naandika tena: alikuwa anakuja. Kichwa mbele, miguu haina haraka. Mia na thelathini. Mia na ishirini. Kuna mti uliokauka ambao nilishaupima kwa macho, themanini barabara, nikajiambia akifika pale. Mikono ilikuwa imetulia. Sijawahi kutulia hivyo, hata harusini kwangu. Nikasikia furaha, nikiwa nimelala kwenye theluji kama mjinga na magoti yameloa, nikasikia furaha tupu.

Akasimama tena. Akageuza shingo kidogo.

Na bunduki ikalia juu ya kichwa changu.

Sikio bado linapiga kengele. Dume alipiga magoti, akainuka, akaanguka ubavu. Thayne akanirukia, akanikumbatia, bega la chuma na yote. "Umempata, dada! Umempata!" Nikamtazama. Nilidhani kachanganyikiwa. Kisha nikaelewa kwamba yeye yuko sawasawa kabisa.

Nikamwambia alikuwa anakuja. Akasema alikuwa anageuka. Nikamwambia alisimama tu. "Aligeuza shingo, dada. Sekunde moja zaidi angekuwa kaunti nyingine. Ungerudi na nini? Ungerudi na ile bastola, na Kip angekucheka mpaka Krismasi." Macho yake yana machozi. Huyu mtu ananipenda. Hilo ndilo baya lake, huwezi hata kumpiga kofi kwa amani.

Akaitoa redio kabla sijafungua mdomo. "Leota kaangusha dume! Kwa bastola! Risasi moja!" Kule kambini Kip akapiga mayowe. Akasema anaifutia bastola kila neno alilolisema. Siku nne nimesubiri kusikia hilo, na limekuja namna hii. Wazee wa stuli kwa Delwyn watanunuliana kahawa kwa jina langu. Nitakuwa mfano. Wanawake wenye mabega mabovu watakuja kuniuliza siri.

Kisha sauti ya Orval redioni. Haikupiga kelele. "Nilijua, mke wangu." Na baada ya muda, "Nilijua tangu ile sahani ya kwanza."

Thayne kashuka kuwaelekeza farasi njia. Kabla ya kuondoka ameniwekea kisu. Kibali lazima kikatwe kwa kisu penye tarehe ya leo, kitiwe sahihi, kifungwe kwenye mnyama kabla hajaondolewa hapa alipoangukia. Nikifunga, mimi ndiye niliyemwua. Nisipofunga, Thayne kaua dume kwa kibali cha jike, na askari wa wanyamapori watachukua bunduki yake na leseni yake kwa miaka. Amenipa zawadi ambayo nikiikataa anakwenda mahakamani. Ana kipaji.

Nimelitazama tundu. Dogo, safi, nyuma ya bega, mahali penyewe hasa. Kapiga vizuri, lazima niseme. Bastola yangu iko hapa gotini, risasi bado imo ndani. Nimeitoa. Baridi.

Sina hasira ya kelele. Ninaumia tu, mahali ambapo hakuna bega. Hatua arobaini tu zilikuwa zimebaki. Pengine angegeuka kweli. Pengine Thayne anasema kweli na mimi ni bibi mkaidi aliyetaka mlima umsubiri. Hilo sasa sitalijua kamwe, na hakuna msimu mwingine. Bahati nasibu hii hairudi kwa watu wa rika langu.

Nawasikia. Farasi wanapanda. Kip anaimba. Nimekikunjua kibali, kiko juu ya goti, kalamu ni hii hii ninayoandikia. Ninge—

Wamefika. Kip kashuka akinipigia makofi, kavua kofia, kainama kama mbele ya malkia. Thayne anasimulia kwa mikono miwili. Orval kashuka wa mwisho. Hakuja kwangu kwanza. Kaenda kwa dume, kachuchumaa, kaweka kidole kando ya lile tundu, kakaa hivyo. Kisha katazama nyuma, kule kwenye mwamba wangu na begi langu bado juu yake, akaupima uwanda kwa macho.

"Umbali gani?" kauliza.

"Sitini!" kasema Thayne. "Hata sitini hazifiki, shemeji. Ungemwona!"

"Sikukuuliza wewe."

Kip kaacha kupiga makofi. Orval kaja, kasimama mbele ya gogo, kofia mkononi, theluji inamwangukia upara. Ananisubiri nimalize kuandika.