Mtulinga Wako Umenisuta

Kwako mdogo wangu Karani,

Salamu zitangulie, lawama zije nyuma. Hujambo huko? Shemeji hajambo, na wale wajukuu wanaokufanya ngazi? Kikohozi nacho kimepungua, au bado unakisingizia vumbi? Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu, goti lake limepoa kidogo, mdomo bado. Mimi mwenyewe ni mzima. Mzima kabisa, mdogo wangu, na uzima huo ndio ulionishikisha kalamu. Najua utashangaa, maana ulipoondoka hapa uliniacha mgonjwa, ukaniaga kwa ile sauti ya kumuaga mtu usiye na hakika kama utamkuta. Tulia basi. Soma kwa mpangilio, usirukie mwisho kama unavyofanya na magazeti. Binti yangu aliyekuletea bahasha hii kubwa mpe kiti asubiri. Usimhoji, hajui kilichomo.

Ungeniuliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako anapokea shemeji, anaiweka sauti ya juu, nyumba nzima mnasikiliza kama taarifa ya habari. Haya ninayotaka kukwambia si ya nyumba nzima. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne, herufi zinatembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Ukikuta kosa lisahihishe kimoyomoyo. Wewe ulisoma vitabu, mimi nilisoma spoku za baiskeli.

Nianze na lililo wazi. Nimekuonea wivu tangu siku ulipozaliwa. Usijifanye hujui. Tazama kichwa chako, nywele tele mpaka leo, na changu nzi akitua anateleza. Meno unayo yote, yangu nayahesabu kwa mkono mmoja na kidole kinabaki. Wewe umeitwa Karani, ukakalia kiti cha kuzunguka posta miaka thelathini, mimi nimeitwa Spoku na nimekalia debe lililopinduliwa. Hata shemeji, nisamehe kusema, mimi ndiye niliyemwona kwanza. Alikuja karakana kujaza upepo. Nilikuwa nimeshapanga la kumwambia, naye akaniuliza kama yule kijana mtanashati wa dirisha la stempu ni ndugu yangu. Nikapampu lile tairi mpaka likapasuka.

Sasa turudi wiki sita nyuma, ulipokuja kututembelea, ukawa unakohoa, nami nakohoa. Unakumbuka mke wangu alivyosema nyumba imegeuka banda la mbuzi, akatutimua wote wawili twende hospitali tukapigwe picha za kifua, asituone mpaka tumejua moja. Tukaenda. Tukakaa kwenye lile benchi refu nje ya mlango wenye taa nyekundu. Ukaitwa wewe kwanza, kama kawaida ya maisha yako. Ulitoka unafunga vifungo vya shati taratibu kama bwana harusi.

Nami nikaingia. Yule mama mpiga picha aliniambia nikumbatie bamba, kidevu juu, nivute pumzi niishike. Bamba lile baridi, mdogo wangu, kama kukumbatiwa na mama mkwe. Nikamuuliza nitabasamu au ninune. Akasema mashine haihesabu meno. Nikamshukuru, kwa sababu kama ingehesabu ingemaliza mapema.

Nilipotoka wewe ulikuwa umekwenda msalani kule mwisho wa ukumbi. Mlango ukaachwa nusu wazi, na macho yangu unayajua. Nikamwona yule mama anaitundika picha yangu kwenye ubao wa taa, anaitupia jicho moja, lile la kutazama sufuria ambayo haina kitu, anaitoa. Halafu akatundika yako. Nilijua ni yako kwa sababu bahasha yenye jina lako alikuwa ameibana kwapani. Akasimama. Akasogea. Akamwita mwenzake, mwenzake akaita mwingine, wakaja na wanafunzi wawili waliovaa makoti meupe mafupi. Watu watano, Karani! Mmoja anapima kwa rula, mwingine anaonyesha kwa kalamu pale juu chini ya bega. Yule mwenye miwani akasema mwaka mzima hajaona iliyojitokeza namna ile.

Wivu ulinipanda kama maziwa jikoni. Nikajiuliza, hata mapafu? Hata huko ndani, gizani, ambako hapana mtu wa kukupigia makofi, bado umenipita? Sikufikiri kabisa kwamba wanatazama ugonjwa. Mimi ni fundi baiskeli. Maisha yangu yote nimeona watu wakiizunguka baiskeli mpya. Baiskeli mbovu haikusanyi watu, huletwa ikabwagwa, mwenyewe akaenda zake. Nitajuaje kwamba kwa hawa wa hospitali mambo ni kinyume, kwamba kinachowakusanya ndicho kibovu?

Wakatia picha kwenye bahasha, wakanipa zote mbili kwa kuwa ulikuwa hujarudi, wakasema tuzipeleke chumba namba sita. Majina yalikuwa yameandikwa juu ya bahasha. Kwenye picha zenyewe palikuwa na namba ndogo pembeni, nani atazitazama? Nikakaa benchini na bahasha mbili mapajani. Hakuna aliyeniona. Nikaitoa yako nikaitia kwenye bahasha yangu, na yangu kwenye yako. Nilitaka tu niende nayo nyumbani, nimwonyeshe mke wangu picha iliyokusanya watu watano. Mzee mzima, mvi mpaka kwenye masikio, naiba kifua cha ndugu yangu. Ukarudi unapangusa mikono, tukaingia.

Lililofuata unalijua nusu. Yule daktari kijana aliinua picha dirishani, akanigeukia mimi, akasema pole mzee, una kifua kikuu. Makohozi yangu yalipimwa yakaonyesha hamna kitu. Yeye akasema hayana neno, picha inatosha, picha haidanganyi. Kwako akasema mapafu safi kama ya mtoto, nenda na dawa ya kikohozi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Sikuufungua. Nilijiambia huyu kijana amekosea tu, mtu mwenye nywele zile hawezi kuwa mgonjwa. Halafu nikajiambia na mimi si ninakohoa? Dawa ni dawa. Uongo wa kujidanganya mwenyewe una ladha, mdogo wangu, unaumeza bila maji. Vile vidonge navyo nikavimeza, mkojo ukatoka mwekundu kama wino wa mwalimu, nikaona kweli naumwa.

Na nikueleze jambo la aibu kuliko hilo. Nilifurahi. Watu walikuja kunijulia hali, mke wangu akanipa kiti chenye mto, nikaletewa mayai. Wewe uliahirisha safari siku nne, ukakaa pembeni yangu unanimenyea machungwa, machozi yanakulengalenga. Maisha yetu yote, hiyo ndiyo mara ya kwanza wewe kukaa pembeni na mimi kukaa katikati. Kisha ukaharibu. Kila mgeni akiingia unachomoa picha yako, yaani yangu, unaiinua kwenye mwanga, unasema tazameni mapafu ya mtu aliyeishi kwa utaratibu. Wakakusifu. Nikaona wivu upya, wivu wa mapafu yangu mwenyewe!

Ukaondoka. Wiki mbili baadaye shemeji akampigia mke wangu. Akasema suruali zinakuvuka, shuka zinalowa jasho, kikohozi kimeanza kutoka na damu. Kila akikuambia rudi hospitali unampeleka mbele ya ile picha uliyoibandika dirishani, unamwambia hii imesema mimi mzima, wewe na mashine nani anaona ndani? Mke wangu alipokata simu akasema mdogo wako ni mbishi. Mimi nikatazama machungwa mezani. Nikajua unachokishikilia ni kifua changu.

Juzi ilikuwa siku yangu ya kliniki. Nilikwenda nimekusudia kusema, ingawa nimekusudia mengi maishani. Sikumkuta yule kijana, nilimkuta daktari mama mtu mzima, mwembamba, hana haraka. Yeye hakuanza na picha. Alinivua shati, akanigonga mgongo kwa vidole kama mtu anayechagua nazi, akaweka kipimo chake sikioni, akasikiliza kushoto, kulia, mbele, nyuma. Akaniuliza nimepungua uzito? Nikasema nimeongezeka, mayai. Akaguna. Ndipo akaitundika picha. Akaitazama, akanitazama, akasema huyu wa ukutani na huyu wa kitini hawaelewani.

Kisha akaniuliza mtulinga wangu ulivunjika lini.

Nikasema upi? Akanionyesha kwa kalamu. Huo mfupa wa kutoka shingoni kwenda begani ulikuwa na fundo katikati, kama fremu iliyochomelewa na fundi mlevi. Akasema huu ulivunjika utotoni ukaunga vibaya. Akanishika bega, akapitisha kidole kwenye mfupa wangu, mfupa umenyooka kama mpini mpya. Akarudia kuuliza, safari hii polepole, hiki ni kifua cha nani.

Mdogo wangu, nimebishana na polisi, wateja na mke wangu, wote nikawashinda. Siku ile nililia mpaka nesi akachungulia. Nikamwambia yote. Akatuma mtu kwenye daftari la chumba cha picha, namba ya pembeni ikasomwa, ikatoka jina lako.

Hakunifokea, afadhali angefoka. Alisema picha yako ilikuwa nzuri na kijana aliisoma sawasawa, ila hakumsoma mtu aliyekuwa mbele yake. Akasema picha ni shahidi wa kweli asiyejua jina la mshtakiwa, ndiyo maana daktari huuliza, husikiliza, hupima makohozi na hutazama namba, kisha huona kama wote wanasimulia kisa kimoja. Vidonge vyangu akavisimamisha. Halafu akaniuliza uko wapi na unalala chumba kimoja na nani. Nilipotaja wajukuu, kalamu yake ilisimama.

Sasa nimefika, na hapa ndipo penye neno ambalo hata yeye sikumwambia.

Aliniuliza mtulinga wako ulivunjikaje, nikasema ulianguka na baiskeli. Ni kweli. Unaikumbuka siku ile? Ulikuwa wa kwanza darasani, baba akakupandisha kwenye baiskeli yake mpya, miguu haifiki kwenye pedali, akaniambia mimi niishike nyuma tushuke mteremko wa nyumba ya mwashi. Mimi siku ile nilikuwa wa mwisho, hapana aliyeniuliza hata kama nimekula. Uliangukia mtaro. Nikalia kuliko wewe. Nikamwambia mama imeniponyoka, akanikumbatia, akasema si kosa lako mwanangu. Amekwenda kaburini na neno hilo.

Haikuniponyoka, mdogo wangu. Niliiachia.

Miaka sitini na mitatu nimelificha. Nimetengeneza baiskeli za mji mzima, kila nikikaza breki naikumbuka moja. Kumbe lilikuwa limeandikwa ndani yako, likingoja mtu awashe taa.

Basi fanya hivi. Hiyo picha iliyomo kwenye bahasha ndiyo yako. Ichomoe, iinue kwenye mwanga, tafuta fundo kwenye mtulinga, halafu jipapase bega usiseme nakutania. Lile wingu jeupe chini ya fundo ni ugonjwa. Fundo lenyewe ni mimi. Wingu linatibika, daktari ameniapia, miezi sita ya vidonge bila kuruka hata siku moja. La fundo utaamua mwenyewe. Ukitaka kunitukana nitukane, lakini nitukane ukiwa ndani ya gari. Binti ameambiwa asirudi bila wewe, na daktari anakungoja leo hii kabla hajafunga chumba. Shemeji na wajukuu waje pia wapimwe. Madirisha yafunguliwe yote, kuanzia lile uliloniweka mimi.

Ile picha yangu ing'oe uje nayo. Nami nataka nisifiwe kidogo kabla sijafa, tena safari hii kwa haki.

Msalimie shemeji, mwambie lile tairi nalo nililipasua kwa makusudi. Wajukuu wape salamu za babu yao mkubwa, wasifundishwe kuendesha baiskeli mpaka nije mimi, na nitashika kwa mikono miwili. Njoo, mdogo wangu. Ukiondoka wewe, na nywele hizo, uzeeni huku nitamwonea wivu nani?

Ndimi kaka yako, niliyeiachia,

Spoku