Kwa Seline Apondi, Aliyevaa Vizuri Kwenda kwa Daktari

Mama Cyril, mwaka umezunguka tangu ile Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tano, ulipoita kutoka kwa kibanda chako cha kushona: "Baba Cyril, hii mashine imekuwa nzito ama ni mimi?" Nikaitia mafuta, nikaikanyaga mwenyewe. Ilikuwa nyepesi tu. Ni miguu yako ilikuwa imeanza kukataa.

Shule zilikuwa zimefunguliwa, yunifomu zimerundikana mpaka kwa kiti cha wageni. Mafua iliyopitia ploti nzima ilikuwa imeshakuacha. Tulidhani imeisha.

Wewe ulikuwa fundi wa kumwangalia mtu kwa macho na kujua kipimo chake. Mtoto akipita na shati haina kifungo, ulimwita ukaishona akiwa ameivaa, ukimwambia asicheke, na hapo ndipo alicheka zaidi. Ulikuwa unaimba ukishona, sauti ikipotea njia. Nikikucheka unasema, "Nenda basi uoe redio."

Na hukuwahi kwenda mbele ya mtu wa ofisi ukiwa ovyo. Jumatano, kesho yake, ulivaa ile nguo ya samawati uliyojishonea, ukapaka mdomo rangi. Jirani yetu Nduta akapiga kelele kutoka dukani kwake: "Mama Cyril, ni harusi ama ni hospitali?" Ukamjibu, "Naenda kwa daktari, siendi kuvuna viazi."

Kwa zahanati, mhudumu aliyekuwa zamu alikuangalia akatabasamu. "Mama umependeza hivi, unaumwa na nini?" Ukamweleza kwa heshima, ukicheka kidogo vile ulivyozoea, kwamba mafua imeisha lakini nyayo zinakufa ganzi na magoti hayana nguvu. Hata hakukuambia uvue viatu. "Ni uchovu wa cherehani. Meza hizi, pumzika."

Ijumaa tukarudi, nimekushika kiuno, na bado ulikuwa umevaa vizuri. Akasema, "Mzee, huyu mama anataka kubebwa tu." Wenzake wakacheka. Na wewe ukacheka, Seline, ili nisipigane.

Jumapili pumzi ikawa fupi, tukakimbia hospitali kubwa. Daktari mmoja msichana alikugonga goti kwa nyundo ndogo, mguu ukanyamaza. Akanieleza polepole kwamba kuna watu wachache, mafua ikiisha, askari wa mwili wanaopigana na ugonjwa hawarudi kambini, wanageuka kula mishipa ya fahamu. Inaanza miguuni, inapanda mpaka kifuani. Halafu akaniuliza, "Mzee, mbona hamkuja mapema?"

Sisi! Mara mbili tulienda zahanati.

Walikuwekea mashine ya kupumua. Ulikuwa unanijibu kwa kope tu, na hata kwa kope ulinitania. Tarehe ishirini na tatu ukatuacha.

Nilipoenda kuuliza, mkubwa wa zahanati alinipa kiti, akasema ni mapenzi ya Mungu. Nikamwambia Mungu hakuwa zamu wiki hiyo. Akasema watachunguza. Mpaka leo sijaitwa.

Emmaculate ndiye anakalia mashine sasa. Mikono ya shati inamshinda, anafumua, anarudia, na hataki kusaidiwa, kama wewe tu. Byron amekuwa mrefu kunishinda. Mimi chai yako sijaiweza, naweka maziwa mengi ama majani kidogo, sijui, watoto wanakunywa wakinionea huruma.

Tunaokukumbuka ni mimi mume wako Jeconia, watoto wako Cyril, Emmaculate na Byron, dada yako Lynette, na Nduta, ambaye si wa damu yetu lakini ndiye aliyekuosha nywele ukiwa hospitali. Hakuna siku itapita bila jina lako nyumbani hapa.

Baridi imerudi, mama, na mafua nayo. Benchi ya zahanati imejaa watu wanakohoa, na yule wa zamu bado ni yule. Wengi watapona. Lakini mmoja wao akirudi wiki ijayo aseme miguu inakufa ganzi, nani pale ameshafunzwa la kufanya?