Ugali wa Mama Mkwe na Tumbo Langu

Jumapili, Awendo

Na hata sijaamua. Daktari anasema nikifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, huenda sukari ikashuka na magoti yakapumzika. Lakini kisu nakiogopa, tena baadaye nitakuwa nikila vijiko vichache tu maisha yangu yote.

Leo nimemwambia mama mkwe, kwake Asumbi. Akaniwekea mlima wa ugali na samaki mzima. Kwake, mgeni akibakisha chakula ni matusi.

“Nyar Kehancha,” akasema, yaani binti wa kutoka Kehancha, “ukikonda watu watasema mwanangu hakulishi.”

Tukacheka. Nikainuka kwenda kunawa mikono, nimeshika meza, magoti yakilia kama mlango mbovu. Akaniangalia.

Niliporudi, nusu ya ugali wangu ilikuwa kwenye sahani yake.

“Anza kuzoea,” akasema, bila kuinua macho.